Barua kwa Rehema kuhusu safari ya wanafunzi kwenda Cannes

Dar es Salaam, Januari

Shoga yangu Rehema,

Barua yako imefika. Kumbe chuo kimekubali kupeleka wanafunzi wa masoko kwenye Cannes Lions, lile tamasha la tuzo za matangazo kule Ufaransa, mwezi Juni, na wewe ndiye mlezi wa msafara. Hongera sana. Sasa pongezi tuziweke kando, maana Juni iko karibu kuliko mkuu wako wa idara anavyodhani.

Kwanza idadi. Umeandika wanafunzi kumi na wawili kwa bajeti ya watu sita. Peleka wanne. Mwanafunzi aliyelipiwa nusu, karatasi zake huonyesha pengo, na pengo ndilo analolitafuta afisa wa viza. Wanane waliobaki wakikununia, watanuna kidogo tu kuliko wangenyimwa viza baada ya kulipa.

Viza yenyewe ni ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ya muda mfupi. Kwa kuwa mtakaa Ufaransa siku zote, maombi yanakwenda Ufaransa hata kama ndege itawashusha kwanza Amsterdam. Fomu hujazwa kwenye tovuti ya France-Visas, huchapwa, kisha kila mwombaji huenda mwenyewe na karatasi zake kutoa alama za vidole. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini kanuni zinawaruhusu kufika 45 wakiona jambo la kuchunguza. Kwa hiyo anayepeleka fomu katikati ya Mei anacheza kamari, na nafasi za miadi nazo hujaa kadiri kiangazi cha Ulaya kinavyokaribia. Karatasi zenu ziwe zimeingia kabla ya Aprili kwisha.

Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Picha ni milimita 35 kwa 45. Bima ya safari isipungue euro 30,000, ilipie matibabu ya dharura na kumrudisha mgonjwa nyumbani (au maiti, Mungu apishe mbali), na itaje nchi zote za Schengen, si Ufaransa peke yake. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na kituo cha kupokea maombi kina malipo yake ya huduma juu ya hapo. Kanuni zinawasamehe ada wanafunzi na mwalimu wao wakisafiri kwa masomo au mafunzo. Uliza mapema kama tamasha la matangazo linahesabiwa hivyo, ila kwenye bajeti andika ada kamili.

Panapoangusha wengi ni kwenye fedha. Ufaransa hutaka kuona euro 65 kwa siku kwa mwenye hoteli iliyothibitishwa, na euro 120 kwa asiye nayo. Kwa siku 8 ni euro 520 dhidi ya 960 kwa kila kichwa, kwa hiyo chumba kilipiwe kabla ya maombi. Halafu kuna ile fedha inayotua kwenye akaunti wiki moja kabla: baba kauza kiwanja, shangazi kachangisha, milioni kadhaa zimeingia kwa mkupuo, na taarifa ya benki inaonyesha akaunti iliyokuwa ikilala na elfu ishirini. Fedha ni halali, lakini haina maelezo. Ikiwa imetoka kwa baba, iambatane na barua ya baba, taarifa ya benki ya baba, na cheti cha kuzaliwa kinachowaunganisha. Ningependa zaidi chuo kiwe mdhamini wa wote wanne, kwa barua moja inayosema kwa tarakimu nani analipa tiketi, chumba, chakula na kiingilio.

Barua hiyo ndiyo roho ya maombi, na vyuo vyetu huiandika ovyo. "Huyu ni mwanafunzi wetu, tunaomba asaidiwe" haitoshi. Iandikwe jina lote kama lilivyo kwenye pasi, namba ya usajili, kozi na mwaka wa masomo, tarehe ya kwenda na kurudi, jina la mwalimu anayesindikiza, na tarehe mwanafunzi anayotakiwa kurudi darasani au kwenye mafunzo kwa vitendo. Hiyo tarehe ya mwisho ndiyo inayomwonyesha afisa kwamba kijana ana sababu ya kurudi. Kagua majina leo hii: kwenye orodha ya chuo ni Asha Juma, kwenye pasi ni Asha Juma Mrisho, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Aisha. Mwenye tofauti ya namna hiyo akaape kiapo kwa wakili sasa, asingoje Aprili.

Tiketi shikilieni nafasi tu mpaka viza itoke, na safari yote iwe kwenye tiketi moja hadi Nice, mji wenye uwanja wa ndege ulio karibu na Cannes. Kuna mtu atakuletea bei nafuu ya vipande viwili, kwa mfano Dar hadi Dubai, kisha shirika jingine Dubai hadi Nice. Mkataze. Vipande vikiwa mbalimbali, mizigo mara nyingi huishia Dubai, nanyi mtalazimika kutoka nje kuichukua, jambo linalotaka viza ya huko. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari nanyi. London nayo iepukeni, kwani mwenye pasi ya Tanzania hudaiwa viza hata kwa kupita tu.

Kutoka uwanja wa Nice hadi Cannes ni kama kilomita 27. Teksi ni ghali mno kwa wanafunzi. Treni za mkoa zinapita kituo cha Nice Saint-Augustin, jirani na uwanja, na kwa nusu saa hivi mko Cannes. Kituo cha Cannes kiko mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka Palais des Festivals, jumba lenyewe la tamasha. Ndiyo maana sikushauri mlale Cannes. Wiki ile vyumba hupanda bei bila huruma, na wengi hukodisha kwa wiki nzima tu. Tafuta Antibes, Juan-les-Pins au Nice kwenyewe, mahali mtakapofika kituoni kwa miguu. Angalia saa ya treni ya mwisho kila jioni, maana usiku huwa chache, na wafanyakazi wa reli Ufaransa hawaoni taabu kugoma. Mkipanga nyumba badala ya hoteli, mwenye nyumba aandike majina yenu yote watano. Uthibitisho ukiwa na jina lako peke yako, wale wanne kwenye macho ya afisa hawana pa kulala.

Beji ya kuingilia ina picha na jina la mtu, haiazimwi. Wanafunzi wana bei yao na hudaiwa uthibitisho wa chuo. Angalia kama bei mliyoiona imejumlisha TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Ufaransa ni asilimia 20, na soma masharti ya kurudishiwa fedha kabla mhasibu hajalipa.

Sasa tamasha. Lilianza mwaka 1954 kule Venice, na simba wa tuzo ni yule wa Mtakatifu Marko wa mji huo, wala hana undugu na wa Serengeti. Wanafunzi watataka kushinda kutwa kwenye ukumbi mkubwa wa Lumière wakiwatazama watu maarufu. Waache waonje mara moja. Mazungumzo ya jukwaani mengi ni kampuni kujisifu kwa adabu. Shule yenyewe iko kwenye maonyesho ya kazi zilizoshindanishwa ndani ya Palais, na humo wapitishe saa mbili kila siku, kila mmoja na kundi lake la tuzo: mmoja mabango, mmoja redio na sauti, mmoja filamu, mmoja zile za kuleta mabadiliko ya kijamii. Kwa kila kazi waandike shida ya mteja, jambo la kweli waliloligundua kuhusu watu, wazo kwa sentensi moja, na nini kilibadilika baadaye.

Wafanyishe zoezi kabla ya kuondoka kwa kampeni ya gazeti la The Zimbabwean, iliyotengenezwa na wakala wa matangazo TBWA\Hunt\Lascaris wa Johannesburg na kutwaa tuzo kuu ya mabango mwaka 2009. Gazeti lilikuwa la Wazimbabwe walio nje, na serikali ya Zimbabwe ililitoza ushuru wa bidhaa za anasa hadi wasomaji wa nyumbani wakashindwa kulinunua. Mfumuko wa bei ulikuwa umezifanya noti za matrilioni kuwa takataka. Wabunifu wakachapa ujumbe wao juu ya noti hizohizo, wakazibandika ukutani na kuzigawa kama vipeperushi. Karatasi ya tangazo ndiyo ushahidi wa tangazo. Mwanafunzi akishaona kwa nini wazo lile lisingefanya kazi kwenye karatasi ya kawaida, amejua atafute nini kwenye kazi nyingine.

Na wasiamini kila filamu ya maelezo inayoambatana na kazi iliyoshindanishwa. Ni dakika mbili za kumshawishi jaji, zimepakwa rangi kama bibi harusi. Mwaka 2025 tuzo kuu ya Creative Data (kundi la ubunifu unaotumia takwimu) iliyokwenda kwa wakala mmoja wa São Paulo ilifutwa baada ya kubainika kwamba filamu yake ilikuwa na picha zilizochezewa kwa akili mnemba. Takwimu yoyote isiyotaja muda na kipimo waipite.

Ufukweni, kwenye barabara ya Croisette, kampuni kubwa za teknolojia hujenga mabanda yao, na mengi hayadai beji ila kujiandikisha mapema. Wajiandikishe Mei kwa barua pepe ya chuo, kwani anwani za bure mara nyingi hukataliwa. Humo ndimo watu wa kazi wanapoongeka. Wasiombe ajira. Waulize swali moja kuhusu kazi ambayo huyo mtu ameifanya, halafu wamwonyeshe kazi zao tatu kwenye simu, zikiwa faili lisilohitaji intaneti. Vinywaji huwa vya bure na vingi, nawe ndiye mlezi, nadhani tumeelewana.

Chakula kisikutie hofu. Kuna Monoprix karibu na kituo, na soko la Forville asubuhi, isipokuwa Jumatatu. Plagi zao ni za pini mbili za mviringo. Saa zao mwezi Juni ziko nyuma yetu kwa saa moja, na jua huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo anayesali Magharibi na Isha apange ratiba yake vizuri. Viatu viwe vya kutembea.

Ukishachagua wale wanne, nitumie rasimu ya barua ya chuo niipitie kabla haijapigwa mhuri. Na mwambie mhasibu afungue malipo ya nje kwenye kadi ya chuo mwezi huu, maana hilo huwachukua wiki kadhaa.

Msalimie mama na watoto.

Wako,
Zuhura