Bibi wa kwenye simu

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu mapema, maana Desemba ikishaingia hakuna anayemsikiliza mwenzie, kila mtu anawaza tiketi.

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, nimeolewa na Mchagga wa Marangu, tunakaa Kimara na watoto wetu watatu. Wenye uzoefu mshajua barua hii inaelekea wapi. Nimeolewa mwaka 2012 na tangu hapo Krismasi zote nimekula Marangu, ukitoa moja tu ambayo nilikuwa na kichanga cha wiki mbili nikabaki Dar na dada yangu, na hata hiyo mwenzangu alienda, akasema kuna kikao cha ukoo hakiwezi kukaa bila yeye. Kikao kilikaa kujadili mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, na shemeji yao, mpaka wenyewe mpaka leo haujapatikana.

Sasa msinielewe vibaya, siponda Krismasi ya Uchaggani. Wale wanaosema Wachagga wanaenda kuonyeshana magari sijui kumaliza hela halafu Januari wanakopa ada, nadhani hawajawahi kulala huko tarehe 24. Mimi safari tu naipenda, pamoja na shida zake zote, ule msukumano wa Stendi ya Magufuli pale Mbezi, nauli ambayo ikifika tarehe 20 inakuwa na bei mbili, ya kwenye karatasi na ya mdomoni kwa mpiga debe. Chalinze, Segera, Korogwe watoto wanataka chipsi, Mombo wanataka kukojoa, Same wamelala, ukifika Himo ukakata kushoto kupanda juu basi hewa yenyewe inabadilika unafunga dirisha. Unashuka giza limeshaingia, migomba imekuzunguka kila upande, unasikia mama mkwe anaita jina la mjukuu mmoja mmoja kwa mpangilio wa kuzaliwa, hakosei, na wapo kumi na saba.

Hao kumi na saba wanalala sebuleni, magodoro yamepangwa ukuta mpaka ukuta, wa Arusha, wa Dar, wa Dodoma, na wawili ambao baba yao yuko Nairobi wanaongea Kiswahili chao cha kule wenzao wanawaiga wiki nzima. Asubuhi ya tarehe 24 kila mtoto ana kazi yake, kwa bibi hakuna mgeni. Wengine kukata majani ya ng'ombe, wengine kufagia uwanja na kusafisha makaburi ya kina babu yaliyoko hapohapo kihambani. Mwanangu wa kwanza ambaye Kimara hata sahani yake hanyanyui, huko nilimkuta anakoroga uji wa ulezi wa kuchanganyia mbege, pombe ya ndizi ya kwao, ana jasho mpaka shingoni, eti hataki kupokewa. Mbege yenyewe ndizi zinakuwa zimeshapikwa siku kadhaa nyuma zimechachuka, bibi anasubiri ulezi tu, na haonji mtu kabla mzee hajaletewa kata yake.

Usiku kanisani, kwa mume wangu ni Walutheri, watoto wa Sunday school wanaigiza, kila mwaka kuna Yusufu anayesahau maneno na kila mwaka kanisa linacheka kama ni mara ya kwanza. Alfajiri matarumbeta. Jamani wale vijana wa matarumbeta, wanapuliza saa kumi na moja baridi inauma, mlima ukikubali kutoa kichwa unauona wote mweupe juu ya mnara wa kanisa, mwanangu wa mwisho aliwahi kuniuliza kama wanampigia mlima. Baada ya ibada ndo mbuzi anachinjwa na hapo mi huwa nakaa pembeni kwa sababu kila kiungo kina mwenyewe, huyu kidari, huyu mguu, ukikosea kugawa utaisikia hadi Pasaka. Kisusio, supu yenye damu ya mbuzi, kwa wanaoweza, mimi miaka yote hii bado sijakiweza. Machalari, ndizi na nyama, sufuria ambayo ukiinua unahitaji wanawake wawili.

Na hao wanawake ni sisi wakamwana. Tunaamka wa kwanza tunalala wa mwisho, lakini jikoni ndo kuna raha yenyewe, mambo yote ya ukoo utayasikia jikoni kabla hayajafika kwenye kikao cha tarehe 26. Mwaka juzi tunamenya ndizi na mama mkwe, tumebaki wawili, nikamwambia tu kwa kupitisha kwamba mama yangu Tukuyu atakuwa amekula na jirani leo. Akanyamaza. Halafu akasema, mwanangu, mi kwetu ni Kilema, hapo tu, kwa miguu unafika, lakini toka siku nimeletwa hapa Krismasi ya kwa mama yangu sikuila tena mpaka tukamzika. Tarehe 27 ndo nilikuwa naenda, nabeba nyama iliyobaki. Akaendelea kumenya.

Mhariri, Kilema na Marangu ni jirani kabisa, unasikia kengele ya kwao. Mimi kwetu kutoka Marangu ni Tanzania nzima, kaskazini mpaka kusini, siwezi kwenda tarehe 27 na nyama iliyobaki.

Na sijasema bado lililonifanya nishike kalamu. Mwanangu wa mwisho ana miaka mitano. Mwezi uliopita mama amepiga simu ya video, bando likakatika katikati, mtoto akaja kuniambia, mama, yule bibi wa kwenye simu amezimika. Bibi wa kwenye simu! Wa Marangu anaitwa bibi, hana jina lingine, mama yangu aliyenizaa ni bibi wa kwenye simu kama vile anakaa humo ndani. Watoto wangu wanajua kusalimia shimbonyi, wanajua kushukuru aika, lakini neno ndaga, asante ya kwetu, ambalo mimi nimelala nalo nimeamka nalo utoto wangu wote hawalijui, na kosa ni langu pia nakubali, nilizubaa.

Nilipomwambia mume wangu mwaka huu twende Tukuyu alinijibu vitu vitatu. Cha kwanza mbali. Kweli ni mbali, lakini mbali hiyohiyo tulienda msibani kwa baba na hakuna aliyelalamika kilomita, ina maana kwetu kunafikika kwa msiba tu? Na siku hizi mabasi yanatembea usiku tena tangu 2023, ingawa mi ningechagua mchana kwa ajili ya watoto, maana barabara ile inakatiza Mikumi katikati, wataona twiga na swala, wakibahatika na tembo, bila kiingilio, halafu Kitonga roho juu, Makambako upepo, Uyole unakata kushoto unaanza kuingia kwenye ukungu.

Cha pili akasema Desemba kule mvua. Ni kweli kwetu mvua ni mvua haswa, hainyeshi ikaisha, inakaa kama mpangaji. Lakini ndo raha yake, bati linapigwa, ndani moto, mbalaga, ndizi za kwetu, inachemka, wali wa Kyela ambao ukifunua sufuria jirani anajua, maparachichi watoto wanayaokota chini bure, hayohayo Kimara nanunua kwa kuhesabu. Na sisi Wamoraviani matarumbeta tunayo, asidhani yako Kilimanjaro peke yake, na wamisionari kwetu Rungwe walifika 1891, Walutheri wa Leipzig Uchaggani wakaja 1893, kwa hiyo hata Krismasi tumewatangulia kidogo (hii nilimwambia akacheka lakini hakubadili msimamo).

Cha tatu ndo chenyewe. Akasema, mwanaume gani anakula Krismasi ukweni, nitalala wapi, nitaonekanaje. Hapo nilikaa kimya kwa sababu najua hilo halitoki kwake, linatoka kwa kaka zake na kijiweni. Kulala, Tukuyu mjini gesti zipo safi tu, mila yake haitavunjika, asubuhi anakuja anakunywa chai anakaa na wajomba zangu, jioni anarudi. Kuonekana, ataonekana mkwe aliyemletea mama mkwe wajukuu. Mimi nimeonekana Marangu miaka yote hii nimeinama kwenye moshi na sijapungua kitu.

Sisemi tuhame. Napendekeza zamu, miaka miwili Marangu mmoja Tukuyu, hata huo mmoja nimejipunja mwenyewe. Na kama hata hiyo ngumu basi shule zikifungwa tu mwanzoni mwa Desemba watoto nawapeleka mimi kwa mama wakae wiki mbili, waoge mvua, wafundishwe ndaga, halafu baba yao awafuate waende kwao wakiwa wameshashiba kwetu. Hizi tuisheni za likizo wanazotaka tuzilipie waziache, mtoto wa darasa la pili anasomea nini tarehe 15 Desemba?

Najua wako wengi wa namna yangu, Wahehe walioolewa Bukoba, Wasukuma walioolewa Tanga, na wapo pia wanaume ambao wako tayari kabisa ila wanaogopa mama zao watasemaje. Mimi wangu nimeshamuuliza. Mama mkwe nilimpigia wiki iliyopita, nikajieleza kwa kuzunguka sana, akanikatisha akasema, nendeni, na mbuzi wa wajukuu nitamtunza mpaka Pasaka. Mume wangu hajui kama nimempigia.

Ombi langu la mwisho Mhariri. Huyu bwana analisoma gazeti lako kila Jumapili, na huwa anaanzia nyuma kwenye michezo, kurasa za barua anazifungia maandazi. Tafadhali kama inawezekana barua hii iwekeni karibu na msimamo wa ligi, na iwe kabla ya Novemba kuisha, tiketi za Tukuyu za siti za mbele zinawahi kuisha.

Mkamwana wa Marangu,
Kimara, Dar es Salaam