Tar 5 Mei The Forks, saa imebadilika

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Siku ya Magauni Mekundu iko palepale ila tunakutana saa 11 jioni sio saa 12, pale bustani ya The Forks hapa Winnipeg, kwenye mnara wa kumbukumbu. Saa 11 ya Kiswahili jamani, mwaka jana kuna mtu alifika saa 5 asubuhi akatukosa 😅

Kwa waliohamia Winnipeg juzijuzi, yale magauni matupu mnayoyaona yananing'inia kwenye miti ni ya kuwakumbuka wanawake na wasichana wa Wenyeji wa Asili wa Kanada waliouawa au kupotea, msanii Jaime Black ndo alianza kuyatundika 2010. Ukiona upepo unalipeperusha gauni halina mtu ndani utaelewa mwenyewe.

1. Leta gauni jekundu la zamani na henga yake, usinunue jipya
2. Dola 10 za maua na chai, kwa mweka hazina mwisho Ijumaa
3. Wenye magari semeni mna viti vingapi

Familia zitaongea kwahiyo simu kimya na selfi hapana, tunaenda msibani.

Andika NAKUJA na idadi ya watu kabla ya Alhamisi usiku, kusoma tu na kunyamaza nahesabu huji.