Mtoto aliyetaka nyanya

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako. Mimi ni mwalimu mstaafu, Mlutheri, mkazi wa Himo. Mwezi Juni, shule zilipofungwa, mimi na mume wangu na watoto wetu watatu tulivuka mpaka wa Holili kwenda pwani ya Kenya kwa safari ya uinjilisti ya siku tisa. Tulipanga kusali na sharika tatu na kutembelea makao mawili ya watoto. Washarika wenzetu walituchangia tangu Novemba, wengine shilingi elfu mbili mbili, na nina deni la kuwaeleza tulichokiona. Nawaeleza hapa gazetini kwa sababu najua kuna makanisa mengine yanayojiandaa kwa safari kama hii.

Makanisani tulipokewa kama ndugu. Siku nyingi tulikaa Rabai, mahali ambapo wamisionari Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao cha misheni mwaka 1846. Ndiko Rebmann alikotokea kwa miguu, akakatiza Taita, hadi Mei 11, 1848 akauona mlima wetu wa Kilimanjaro na theluji yake. Sisi tulipita Taveta, Mwatate na Voi kwa gari, na bado watoto walilalamikia joto. Mombasa, upande wa bara, tuliwapeleka kwenye kaburi la Rosine, mke wa Krapf. Alifariki Julai 1844, muda mfupi tu baada ya kufika, na kichanga wake wa kike akamfuata siku chache baadaye. Mwanangu wa kwanza alisimama pale kimya, kisha akaniuliza, "Mama, kwa hiyo na wao walikuja kama familia?" Nikamwambia ndiyo.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni Jumamosi ile kwenye makao ya kwanza. Siyataji jina. Walezi wake ni akina mama wacha Mungu waliochoka, na siandiki ili kuwashtaki. Tulishusha maharage (tuliyanunua Voi ili tusihangaike na vibali mpakani), unga, miche ya sabuni, madaftari na ndala. Watoto walikuwa wamekwisha kupangwa mistari, wadogo mbele, wameoga, wamepakwa mafuta hadi magotini. Waliimba nyimbo nne, wakashukuru kwa sauti moja. Alasiri walikuja wageni wengine, na maneno ya shukrani yakawa yaleyale.

Msichana mmoja wa miaka sita au saba alishika mkono wa kitinda mimba wangu, hakuuachia. Akamwambia, "Nataka nyanya." Mwanangu akakimbilia kwenye kapu la mboga, akachagua nyanya iliyoiva vizuri, akaipangusa kwa gauni lake, akampa. Yule mtoto aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akabaki ameishika. Hakuila. Akarudia kwa sauti ndogo, "Nataka nyanya." Kwetu Himo ukisema nyanya watu wanafikiria kachumbari, wenzetu wa Kenya ndivyo wanavyomwita bibi. Ilibidi mlezi atueleze.

Bibi yake yuko hai. Anaishi Mariakani, mwendo wa matatu moja tu kutoka pale. Namba yake ya simu mtoto ameihifadhi kichwani, na aliitaja tarakimu zote kumi bila kukwama. Mlezi akaturuhusu tukapiga. Bibi alipopokea, mtoto alikaa muda bila kusema kitu, anapumua tu kwenye simu. Kisha akauliza kama mbuzi amezaa.

Baadaye nilizungumza na bibi mwenyewe. Alimpeleka makaoni wakati wa ukame wa 2022, mahindi yalipokauka shambani, kwa kuwa kule kuna uji kila asubuhi na mtoto anasomeshwa. "Nilimpeleka ale," aliniambia. "Sikumtupa."

Usiku ule mume wangu alipiga hesabu. Petroli, pasipoti, bima ya COMESA ya kuvusha gari mpakani, malazi na zawadi: zaidi ya shilingi milioni tatu na nusu. Alichohitaji bibi ili akae na mjukuu wake mwaka mzima, yaani unga, sare, viatu na hela ya chakula cha shuleni, hakikufika laki tano.

Nimefundisha darasa la kwanza miaka 31. Mtoto mwenye kwao hamrukii mgeni shingoni. Kwanza humchungulia akiwa nyuma ya khanga ya mama yake. Pale watoto walitukumbatia hata kabla hatujataja majina, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Tulipoondoka walilia, na wanangu wakalia garini hadi barabara kuu. Sasa najiuliza wanalizwa hivyo mara ngapi kwa mwaka.

Nilipofika nyumbani nikatafuta kusoma. Shirika la Save the Children liliandika mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walioko kwenye makao duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na tangu 2022 ina mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009, hapa Tanzania, nayo inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Haya tungeweza kuyajua kabla ya kuondoka Himo, na hatukuuliza.

Nawaomba wachungaji na wazee wa kanisa wanaopanga safari za Desemba: kabla ya kuhesabu ndala, ulizeni ni watoto wangapi wana ndugu na ni kitu gani kinawazuia kurudi kwao. Picha za watoto msizisambaze kwenye makundi ya WhatsApp. Hakuna aliyemwomba yule bibi ruhusa.

Mchungaji wetu amekubali tusiende tena kuimbiwa. Michango ya mwaka huu itapitia kwa afisa wa watoto wa kule, na itaanza na huyu mmoja, shule zao zikifungwa aende Mariakani. Wiki iliyopita bibi alituma ujumbe. Mbuzi amezaa mapacha.

Mwalimu mstaafu,
Himo, Moshi