Abiria wenzangu, tuache kuwatupia nyani chakula Mikumi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasafiri wenzangu tunaotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya, Njombe na Songea kwa barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Ombi langu ni moja: tuache kuwatupia nyani chakula kupitia madirisha ya mabasi.

Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha akina mama wa Tabata, baada ya kuchanga kidogo kidogo kwa miezi minane, kilikodi Coaster tukaondoka saa nane usiku ili tuingie hifadhini mapema. Wengi wetu tumepita Mikumi miaka nenda miaka rudi tukienda harusini na misibani, lakini hatukuwa tumewahi kuacha lami na kuingia ndani, ingawa hifadhi hiyo ipo tangu mwaka 1964 na kiingilio chetu wananchi hulipwa kwa shilingi, si kwa dola.

Katika uwanda wa Mkata tuliwaona twiga, pundamilia, nyumbu na kundi la tembo waliokuwa na watoto, na kwenye bwawa tukawakuta viboko. Hata hivyo, waliotushika muda mrefu zaidi ni nyani, ambao nakiri kwamba awali hakuna aliyewataja katika orodha ya wanyama tunaotaka kuwaona. Mwongoza watalii wetu alimwomba dereva azime injini, tukawatazama zaidi ya nusu saa. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi wanakula kwa utulivu. Kila mmoja anang'oa shina, analipangusa udongo kwa viganja, anatafuna sehemu nyeupe ya chini na kutupa iliyobaki. Nyani kijana mmoja alikuwa anapekua kinyesi cha tembo akitafuta mbegu. Jike mmoja alibeba mtoto mweusi tumboni, maana nyani wa manjano huzaliwa na manyoya meusi ambayo hubadilika rangi baada ya miezi kadhaa. Hakuna hata mmoja aliyelisogelea gari letu wala kulijali. Kwao gari halikuwa na uhusiano wowote na chakula.

Mchana ulipoisha tulirudi barabarani, na huko tukakuta nyani wa namna nyingine kabisa. Basi la abiria lililokuwa mbele yetu lilipunguza mwendo kwenye tuta, dirisha likafunguliwa, mkono ukatoka na kurusha gunzi la mahindi lenye punje zilizobaki pamoja na pakiti ya biskuti. Kabla vitu hivyo havijatua, nyani walikuwa wameshachomoka mtaroni pande zote mbili, kwa sababu walijua tangu basi lilipoanza kupunguza mwendo. Lori lililokuwa linatoka upande wa pili halikupata nafasi ya kusimama, likamgonga jike mmoja. Tulipopita alikuwa amelala ubavu kwenye mstari mweupe, na pakiti ya biskuti ilikuwa hatua moja kutoka mkononi mwake, haijafunguliwa.

Sidhani kama aliyetupa biskuti zile alikuwa na nia mbaya. Huenda alimwonea huruma mnyama, au alitaka kumfurahisha mtoto aliyempakata. Lakini wakati lori linamgonga nyani yule, basi lilikuwa limeshaongeza mwendo, na abiria yule alifika aendako akiamini ametenda wema. Ndiyo maana tabia hii haiishi: anayetupa hayupo tena matokeo yanapotokea. Mwongoza watalii alitueleza kwamba watoto wa nyani hujifunza kwa mama zao mahali pa kutafuta chakula, hivyo kundi lililozoea lami hulea kizazi kingine cha kutafuta chakula barabarani. Mzoga nao huwavuta ndege na fisi, ambao pia huweza kugongwa, na vifungashio vya plastiki humezwa pamoja na makombo.

Kanuni za hifadhi zinakataza kuwalisha wanyama, na barabara ile iko ndani ya mipaka ya hifadhi. Tatizo ni kwamba matuta, vibao vya mwendo na vibao vya faini vinazungumza na dereva, wakati anayetupa chakula ni abiria aliyekaa dirishani, ambaye pengine hajui hata kama ameshaingia hifadhini. Naiomba LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kwa kushirikiana na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ihakikishe kila basi linalopita njia hiyo lina chombo cha taka kinachofikika na abiria, na kwamba kondakta anasimama na kutangaza, afikapo Doma kwa basi linalotoka Dar es Salaam, na Mikumi mjini kwa linalotoka Iringa. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja. Maneno yanayotosha ni haya: "Ndugu abiria, tunaingia Hifadhi ya Mikumi. Tafadhali msitupe kitu chochote nje, hata ganda la ndizi, kwa kuwa nyani atalifuata barabarani na gari la nyuma yetu litamgonga."

Wako msomaji,
Mama wa Tabata,
Dar es Salaam