Barua kwa mwanangu: raga inarudi

Mama,

Pesa ya dawa ilifika, asante. Goti linaendelea vizuri, na huku sote tu wazima isipokuwa yule kuku mwekundu, ambaye mamako ameamua kwamba hatagi tena. Namhurumia, maana Krismasi haiko mbali.

Lakini sikukaa chini kuandika habari za kuku. Raga inarudi! Kwa simu ungenikatiza, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Vijana wa sevens, raga ya saba kila upande, wamemaliza mashindano yao: Driftwood huko kwako Mombasa, Prinsloo hapa kwetu Nakuru, Dala kule Kisumu. Sasa ni zamu ya Kombe la Kenya, kumi na watano kila upande. Unajua msimamo wangu. Sevens ni chai ya rangi, dakika 14 umeshainywa ungali umesimama. Ile ya dakika 80 ni githeri. Haiwi tayari kwa sababu wewe una njaa.

Juzi jioni nilijitia naenda kununua mkate nikapotelea uwanja wa Nakuru Athletic. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Walikuwa wakifanya skramu, ule msukumano wa kugombea mpira, wanane kwa wanane, nami nimesimama karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Kabla ya kusukumana kuna kimya kidogo, halafu mabega yanakutana, kishindo kama gunia la mahindi linapotupwa sakafuni. Mvuke ukawa unapanda kutoka vichwani mwao kama sufuria iliyofunuliwa. Kuna kijana mmoja mpya, shingo hana, na akitoka chini kabisa ya rundo la watu anacheka. Huyo nimeshampenda. Mkate nilisahau, na mamako hakuniuliza nilikuwa wapi. Alitazama tu matope kwenye viatu.

Njiani nilinunua njugu kwa yule mama wa getini. Bado anafungia kwa karatasi za daftari. Yangu ilikuwa na hesabu ya sehemu, robo tatu kujumlisha moja ya nane, na mtoto ameandika nne juu ya kumi na mbili. Nilitoa kalamu mfukoni nikasahihisha hapo hapo chini ya mwembe, chumvi kwenye vidole. Miaka sita ya kustaafu ualimu, na mkono haujajua.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka saba ukaniuliza, "Baba, mbona wanataka kwenda mbele na wanarusha mpira nyuma?" Nikakujibu sheria ni sheria. Jibu la mwalimu aliyekamatwa. Nimelifikiria swali hilo misimu mingi, na mpaka leo sina jibu la kukutosha.

Wanyore, timu yetu ya Nakuru, walipochukua kombe mwaka 2013, na tena 2014, nilidhani tumefika na hatutoki. Tangu hapo klabu za KCB na Kabras zimeligeuza kuwa mali yao, zinapokezana kama ndugu wawili wenye baiskeli moja. Watu wa hapa plotini wananiambia nihamie Arsenal na wenzangu. Mtu mzima akakeshe kwa ajili ya timu ambayo hajawahi kunusa jasho lake? La.

Ingawa, nikuambie ukweli, sevens nayo ilinipa siku moja ambayo sijapata nyingine mfano wake. Jumapili ile ya Aprili 17, 2016, fainali ya Singapore, sisi Kenya na Fiji. Wewe ulikuwa umepanda juu ya kochi na viatu vya kanisani. Injera, mchezaji wetu, alipopita na mpira ukapiga ukelele ambao sikujua unao. 30 kwa 7! Jirani alikuja mbio, leso ameshajifunga kiunoni, akidhani tumepata msiba, akatukuta tumekumbatiana na chapati zinaungua. Ayimba, kocha wa Kenya siku ile, alituacha mwaka 2021. Nikimkumbuka, nasikia harufu ya chapati zile.

Basi, maandalizi yangu. Redio imepata betri mpya. Kofia imefuliwa. Mto wa kukalia, ule wa maua, mamako ameushona upande uliochanika, huku akisema mpira wa kupasuana si wa mtu mwenye goti. Tangawizi ipo. Thamosi ndiyo taabu: kizibo kilipotea msimu uliopita na tangu hapo naziba kwa gunzi, na chai inakuja na ladha ya ghala.

Mechi ya kwanza ya nyumbani itakuwa Jumamosi, kama kawaida. Ratiba ikitoka nitakutumia siku hiyo hiyo, uombe ruhusa kazini mapema, na usiwaambie ni raga. Sema babako anakuhitaji. Si uongo, mama. Nafasi yako ukingoni, upande wa jua la jioni, nitaiwekea mwavuli.

Na ukipita soko la Kongowea, nitafutie kizibo cha thamosi ya lita mbili. Ile ya bluu, mdomo mpana.

Babako.