Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: Vitabu vya Wilaya virudi nyumbani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Tukuyu, mimi mwalimu mstaafu wa Historia. Ombi langu ni moja, nalitanguliza ili usilitafute mwishoni: nakala za Vitabu vya Wilaya vya enzi ya Mwingereza, vya wilaya zote zilizokuwa chini ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, ziwekwe katika Maktaba ya Mkoa hapo Mbeya. Mwalimu wa Chunya au Rungwe azisome bila kuomba nauli ya kwenda Dar es Salaam.

Vitabu hivi unavifahamu kwa kazi yako. Kila boma lilikuwa na chake. Bwana shauri, yaani afisa Mwingereza wa wilaya, aliandika humo ukoo wa machifu, mila, mipaka, kodi, mazao na njia, na alipohamishwa alimwachia aliyemfuata aendeleze. Kurasa nyingine zimepigwa chapa, nyingine zina mwandiko wa mkono, na mara nyingine afisa mmoja anamsahihisha mwenzake pembeni. Viliandikwa na watawala kwa faida ya utawala, nalijua hilo. Hata hivyo sina maandishi mengine yanayoonyesha hatua kwa hatua jinsi nchi hii ya kwetu ilivyopangwa ikawa hivi ilivyo.

Nakuandikia wewe kwa sababu ofisi yako ni mrithi wa makao makuu ya Jimbo hilo. Siku hizi tunaihesabu historia vipande vipande. Njombe wanaanza 2012 walipopata mkoa, Songwe wanaanza 2016, Iringa wana Mkwawa wao, na sisi wa Mbeya tunabaki na dhahabu ya Lupa. Mtoto wa Vwawa na mtoto wa Makambako hawaambiwi kwamba babu zao walikuwa chini ya PC mmoja, yaani mkuu wa Jimbo wa Kiingereza.

Mambo ya Wajerumani nitayapita haraka, maana ndiyo yanayofundishwa zaidi: mapigano ya Lugalo 1891, kuanguka kwa Kalenga 1894, kifo cha Mkwawa, chifu wa Wahehe, 1898, fuvu lake kurudishwa na Gavana Twining 1954. Lakini muulize kijana yeyote kwa nini kuna Utengule mbili, moja karibu na Mbalizi na nyingine Usangu. Ukweli ni kwamba Merere wa Wasangu alisukumwa na Wahehe hadi Usafwa, akajenga huko, kisha Wahehe walipovunjwa nguvu na Wajerumani akarudi Usangu. Wasafwa walibaki na jina la ngome ya mgeni katikati ya ardhi yao. Yalipofika maswali ya nani ni chifu wa nani na mpaka upite wapi, mambo kama haya ndiyo yaliyokuwa mezani kwa bwana shauri.

Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron aliigawa Tanganyika katika majimbo 11, moja likiitwa Iringa, na mwaka huohuo ikatoka sheria ya mamlaka za wenyeji, yaani utawala kupitia machifu. Kwa Wahehe kazi ilikuwa nyepesi: Sapi, mwana wa Mkwawa, akarudishwa kwenye kiti. Kwa Wanyakyusa haikuwa hivyo. Hapa hapakuwa na mfalme mmoja. Palikuwa na malafyale, yaani machifu wa Kinyakyusa, wengi, kila mmoja na eneo lake dogo. Serikali ilitaka ngazi inayopandika, ikawapanga katika baraza na mahakama za daraja tofauti. Aliyekuwa sawa na jirani yake jana, leo akawa chini yake. Ugomvi wa nani mkubwa ambao bado unasikika katika vikao vya koo unatokana kwa sehemu kubwa na mpango ule, na wanaogombana hawajui hivyo.

Lipo jambo jingine linaloniumiza kuona halitajwi mjini kwetu. Oktoba 1925, Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, aliwakusanya hapa Tukuyu walowezi kutoka Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Walitaka nchi moja kubwa chini ya wazungu, kuanzia Kenya hadi Rhodesia, na nyanda zetu zenye baridi na mvua zilikuwa daraja la kuziunganisha. Mwaka huohuo Wajerumani waliruhusiwa kurudi, wakaanza kushika mashamba Iringa na Mufindi. Cameron alipinga muungano ule, na Tanganyika ilikuwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, si koloni la kawaida. Lau mambo yangekwenda njia ile nyingine, leo tungeisoma historia ya ardhi yetu kama Wakenya wanavyoisoma ya kwao. Mkutano huo ulifanyika Tukuyu, na mwanafunzi wa Tukuyu hajausikia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 majimbo yalipunguzwa, na jina la Nyanda za Juu Kusini likashika. Mbeya, mji uliozaliwa miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu, ukaja kuwa makao yake. Wakati huo kodi ya kichwa ilikuwa inawatoa wanaume makwao: Wabena wakaenda mashamba ya mkonge kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, Wanyakyusa wakaenda Lupa na migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Binti mmoja wa kidato cha pili aliwahi kuniletea darasani stakabadhi ya kodi ya babu yake, karatasi laini imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika. Jina la babu lilisomeka, na la wilaya pia. Aliniuliza zile shilingi alizipata wapi, ikiwa hakuwa na kazi ya mshahara. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na jibu lake kamili limo katika vitabu ninavyoviomba.

Baada ya uhuru, mwaka 1962, ma-PC wakaondoka na wakuu wa mikoa wakashika nafasi zao. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa kisheria, na Jimbo likaja kugawanywa kuwa Iringa na Mbeya.

Mheshimiwa, shule zetu sasa zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Walimu wanatakiwa wafundishe mambo ya mazingira yao, lakini mikononi hawana kitu zaidi ya kitabu cha kiada. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 ipo, Idara inayohusika ipo, na barua yenye muhuri wako itasikilizwa kuliko yangu. Tafadhali waombe pia wenzako wa Iringa, Njombe na Songwe, gharama za kunakili mzichangie.

Nakala zikifika, zisiishie kabatini. Waitwe wazee waliolipa kodi ile na watoto wa majumbe walioikusanya, wasomewe kurasa za wilaya zao, na pale bwana shauri alipokosea waseme, iandikwe. Aliyezaliwa 1940 sasa amevuka miaka 80, kwa hiyo nakuomba kazi hii ianze mwaka huu wa fedha. Kwa upande wa Rungwe, mimi na walimu wenzangu wastaafu tuko tayari kuwatafuta wazee hao na kukaa nao, bila malipo.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Tukuyu