Barua ya wazi kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii: Nimshitaki mkaza mwanangu ndipo nimwone mjukuu?

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo za watu wa Makorora, Tanga, zikufikie.

Mwanangu alifariki akaacha mtoto wa kiume. Eda ilipokwisha, mkaza mwanangu akaolewa tena na kuhamia Muheza na mtoto. Kuolewa ni haki yake, nami nilimwombea heri. Tatizo ni kwamba mume wa sasa hataki mtoto aletwe kwetu, hata siku ya Idi, na mimi nikienda naambiwa amelala.

Nilipopeleka shauri kwenye ofisi moja ya ustawi wa jamii, kijana aliyenipokea, mpole kabisa, akasema: "Bibi, mtoto ni wa mama yake, kayamalizeni kifamilia." Yangemalizika kifamilia ningemfuata yeye kutafuta nini?

Nikaulizia sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaipa mahakama uwezo, inapoamua mtoto akae na nani, kuwaruhusu ndugu wa mzazi aliyefariki kumtembelea. Sawa, lakini sisi hatugombei malezi. Hakuna kesi wala amri yoyote. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inamfungulia mlango ndugu aliyekuwa akimlea mtoto. Mimi sikumlea, kwa sababu baba yake alikuwa hai na akimlea vizuri. Mjukuu alikuwa akija kwangu kula, kunitania na kuniita mkewe, kisha anarudi kwao. Basi bibi ambaye mwanawe alimtelekeza mtoto ana pa kushika, na bibi ambaye mwanawe alitimiza wajibu hana! Au nidai malezi nisiyoyataka, nimburuze mama wa watu kortini, ili tu nipate kutembelea?

Ninachoomba ni babu na bibi watajwe waziwazi katika Sheria ya Mtoto, waweze kuomba kumwona mjukuu bila kudai malezi, na mahakama itazame kwanza maslahi ya mtoto. Wapo mabibi wanaomjaza mjukuu maneno ya kumchukia mama yake (nawajua, wengine majirani zangu), hao wazuiwe.

Wakati marekebisho yakisubiri Bunge, waagize maafisa ustawi waite pande zote mbili, baba wa kambo akiwemo, kabla ya kumrudisha mtu nyumbani. Mjukuu wangu ana mirathi ya baba yake huku, na shangazi zake hawajui hata shule anayosoma.

Wako,
Bibi mzaa baba, Makorora, Tanga